Kufunga nzi wa kuelea mwenye mabawa ya manyoya

Nzi bandia wa kuelea, yaani ndoano iliyovikwa uzi na manyoya ili imwige mdudu aliye juu ya maji, akiwa na mkia mrefu kupita kiasi, bado atavua. Mwili wake ukinenepa kidogo, atakaa chini zaidi majini na huenda trauti, samaki tunayemvua, asijali. Lakini bawa moja likiwa pana kuliko jingine, au likiinama upande, nzi huyo atazunguka hewani kama pangaboi kila unaporusha mshipi. Ukirusha mara chache tu, utakuta ncha ya mshipi imejisokota na haitaki tena kulala sawa juu ya maji. Hapo dawa ni moja: kukata na kufunga ncha mpya. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mabawa, na hatua nyingine nimezipitia kwa ufupi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na mabawa wakati nzi wengi wasio na mabawa huvua vizuri. Jibu liko kwenye jicho la samaki. Mwanga hupinda unapoingia majini, kwa hiyo trauti huona mambo ya nje kupitia duara moja tu juu ya kichwa chake, lenye upana wa pembe ya digrii 97 hivi. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi sakafu ya mto. Mdudu anayeletwa na mkondo huonekana kwanza kwa alama ambazo miguu yake inabonyeza kwenye kioo hicho. Kisha, kabla mwili haujaingia kwenye duara, ncha za mabawa yaliyosimama hujitokeza ukingoni. Kwenye maji tulivu na safi, ambapo samaki ana nafasi ya kutazama kwa utaratibu, bawa ni sehemu ya mwanzo kabisa ya mdudu kuonekana juu ya maji. Kwenye maji ya kasi yenye mapovu umuhimu huo hupungua, ingawa hapo mabawa humsaidia mvuvi mwenyewe kumwona nzi wake.

Mdudu tunayemwiga ni meiflai, wa jamii ya Ephemeroptera. Anapotoka kwenye ngozi yake ya utunutu, yaani ya uchanga wake wa majini, huketi juu ya maji kwa muda, mabawa yakiwa wima, kabla ya kuruka. Nzi tutakayemfunga ana mabawa mawili ya bata ya rangi ya kijivu, mwili wa zeituni, mkia, na ukosi, yaani unyoya wa jogoo unaozungushwa kwenye shina ili nyuzinyuzi zake zisimame pande zote. Ukimmudu huyu, wengine wote wa ukoo wake ni kubadilisha rangi na ukubwa tu.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Chukua ndoano ya waya mwembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya nzi wa kuelea. Anza na namba 12. Namba za ndoano huenda kinyume: kadiri namba inavyopanda, ndoano inakuwa ndogo. Meiflai wengi utakaowaiga watahitaji namba 14 na 16, lakini ukianza na hizo, vidole vitakosa nafasi kabla havijajua kazi yake.

Uzi uwe mwembamba, wa kipimo kinachoandikwa 8/0, wa kijivu au zeituni. Uzi mnene unajaza sehemu ya kichwa na unauma vibaya tepe za bawa, yaani vipande vyembamba vinavyokatwa kwenye unyoya. Utahitaji pia jiliwa dogo la kushikia ndoano, bobini ya kushikia uzi, mkasi wenye ncha kali, koleo ndogo ya kubania unyoya wa jogoo, sindano, vanishi isiyo na rangi, na bikari ile ya hesabu za shuleni. Bikari haimo kwenye orodha nyingi za vifaa vya kazi hii, ila kwa kupima tepe za mabawa sijaona chombo kinachoishinda.

Sasa manyoya. Kwa mabawa unahitaji manyoya mawili marefu ya kurukia ya bata: moja kutoka bawa la kushoto, jingine kutoka bawa la kulia. Hili halina njia ya mkato. Unyoya wa bawa umepinda kuelekea upande mmoja, na tepe mbili zilizotoka kwenye unyoya mmoja zitapinda zote upande huohuo. Kamwe hazitakaa kama jozi. Ukitaka kuhakikisha, yalaze mezani, uso uleule juu na ncha zikielekea mbele. Kama ni jozi ya kweli, yatapinda kuelekeana au kupeana mgongo. Yakipinda pamoja, rudi kutafuta.

Bata wa kufugwa anatosha kabisa, na manyoya yake meupe hupokea rangi vizuri. Usiokote manyoya ya ndege wa porini kabla ya kujua sheria ya mahali ulipo. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza kumiliki hata unyoya uliookotwa wa ndege wengi wa porini. Manyoya mabichi yaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, yakauke vizuri, kisha yakae siku kadhaa kwenye friza ndani ya mfuko uliofungwa, ili mayai ya nondo na wadudu wengine yafe kabla hayajaingia kwenye akiba yako nyingine.

Kwa ukosi, tafuta manyoya ya shingo ya jogoo yaliyo magumu na yanayong'aa, yenye sehemu ndogo sana ya utando laini karibu na uti. Utando hunyonya maji na kumzamisha nzi. Gusa ncha za nyuzinyuzi kwa mdomo: zikichoma kidogo, zitambeba nzi; zikibembeleza, ziweke kwa ajili ya nzi wa kuzama. Kwa mkia chukua nyuzinyuzi ndefu na ngumu kutoka manyoya ya pembeni mwa ngozi hiyohiyo ya shingo.

Mwili utatokana na sufu laini. Ile ya chini ya manyoya ya wanyama wa majini kama biva ni nzuri kwa sababu haipendi maji, na ziko nyuzi za viwandani zinazofanya kazi hiyo vilevile. Sufu ya kondoo na ya sungura hunywa maji haraka, iache.

Vipimo kabla ya uzi

Katika maelezo haya, shina ni sehemu iliyonyooka ya ndoano, tundu ni pale panapofungwa mshipi, na mdomo ni nafasi iliyo kati ya shina na ncha inayochoma.

Mkia uwe na urefu sawa na shina. Mabawa yawe na urefu huohuo. Nyuzinyuzi za ukosi ziwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya mdomo wa ndoano, na ncha za mabawa zipite ukosi kidogo. Mabawa yakae theluthi moja ya shina kutoka kwenye tundu. Ukiyasogeza mbele zaidi, kichwa kitakosa mahali. Vipimo hivi si urembo. Nzi wa namna hii husimama juu ya ncha za ukosi na ncha ya mkia, na uzito wake umegawanywa kati ya hizo. Kimoja kikizidi, atalalia pua au atakalia nyuma.

Ndoano na msingi

Kama unawarudisha samaki majini, bonyeza kijino cha ndoano kwa koleo sasa. Wakati mwingine ndoano huvunjika hapo, na afadhali ivunjike ikiwa tupu kuliko ikiwa imeshabeba nzi mzima.

Bana ndoano kwenye jiliwa, shina likiwa sambamba na meza. Anza uzi kwenye theluthi ya mbele, zungusha kurudi nyuma mizunguko kumi hivi iliyoshikana, kisha rudi mbele hadi mahali pa mabawa. Msingi huu wa uzi ndio unaoshika bawa. Juu ya chuma kitupu, tepe huteleza na kuzunguka shina kila unapokaza.

Jambo moja kuhusu uzi: kila unapouzungusha kwenye shina, unajisokota na kuwa mviringo na mgumu. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, iache bobini ining'inie, kisha izungushe kinyume cha mwelekeo wa saa mpaka uzi ulale bapa. Uzi bapa hukaa juu ya tepe bila kuikata. Fanya hivi kila mara kabla ya kufunga bawa.

Kukata tepe mbili

Chagua sehemu ya katikati ya unyoya, upande wake mpana. Karibu na ncha nyuzinyuzi ni fupi na zimepinda kupita kiasi. Karibu na shina la unyoya ni laini na hazishikani. Funua bikari hadi kama nusu ya mdomo wa ndoano, au zaidi kidogo. Choma ncha zake mbili kwenye unyoya wa kwanza, vuta taratibu kutoka kwenye uti kwenda nje, na tepe itajitenga yenyewe kwa kipimo hicho. Kata karibu na uti. Bila kubadilisha bikari, fanya vivyo hivyo kwenye unyoya wa pili, mahali palepale ulipochagua kwenye ule wa kwanza. Tepe ya katikati na tepe ya karibu na ncha hazina ugumu sawa hata kama upana wake ni mmoja, na tofauti hiyo utaiona bawa likishasimama.

Nyuzinyuzi za tepe zimeshikana kwa vijindoano vidogo mno usivyoviona kwa macho. Zikiachana, zipapase kutoka chini kwenda juu kwa kidole na kidole gumba, zitashikana tena. Unyoya mkavu na wa zamani hukataa. Upitishe juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache na utarudi kuwa hai.

Kuzilinganisha

Kila tepe ina uso uliobinuka na uso uliobonyea. Kwa nzi wa kuelea, nyuso zilizobinuka zigusane, ili ncha za mabawa zifunguke kwenda nje, kila moja upande wake. Ukiziweka kinyume, nyuso zilizobonyea zikielekeana, mabawa yatafumbatana kuwa bawa moja. Hivyo ndivyo nzi wa kuzama hufungwa.

Ziweke pamoja, ncha kwa ncha, kingo kwa kingo. Tumia muda hapa. Zipime juu ya shina kwa urefu, shika kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, na angalia kwa mbele: ncha zote mbili zifike mahali pamoja. Kama moja imezidi hata kwa unene wa uzi, tenganisha na uanze tena. Hitilafu ndogo iliyofungwa hairekebishiki kwa kuvuta.

Kubana na kukaza

Hii ndiyo hatua inayowafanya watu waache kufunga mabawa ya bata. Mara nyingi wanalaumu vidole vyao, lakini tatizo huwa njia ambayo uzi umepita.

Weka tepe juu ya shina, ncha zikielekea mbele kupita tundu, sehemu ya kufungia ikiwa juu kabisa ya uzi unaoning'inia. Vidole vibane tepe na shina vyote kwa pamoja. Vikibana tepe tu, zitayumba. Pandisha uzi katikati ya kidole gumba na tepe, uache kitanzi kilicholegea juu ya vidole, kisha ushushe upande wa pili, kati ya tepe na kidole cha shahada. Bado hujakaza. Sasa, huku vidole vikiwa vimebana vizuri, vuta bobini chini, wima kabisa. Kitanzi kitafunga, na nyuzinyuzi zitashuka moja juu ya nyingine kama zilivyopangwa, bila kulala ubavu.

Usifungue vidole. Rudia kitanzi hichohicho mara mbili zaidi, mahali palepale. Baada ya mizunguko mitatu ndipo uachie na kutazama.

Ukiona mabawa yamekunjamana kwenye shina, uzi ulivutwa kwa mshazari badala ya kushuka wima, au vidole vililegea kabla ya kitanzi kufunga. Yakiwa yameteleza kwenda upande wa mbali, ni nguvu ya uzi imeyavuta. Mara nyingine anza na tepe zikiwa zimeinama kidogo kuelekea kwako, na uzi utazileta katikati. Yakipasuka kwenye mizizi, tepe zilikuwa pana kupita kiasi au unyoya ulikuwa mkavu. Na kama kila kitu kiko sawa lakini bawa moja ni refu, kosa lilifanyika wakati wa kulinganisha. Kwa hali yoyote, tepe zilizokwisha kubanwa vibaya usizitumie tena: alama ya uzi imebaki ndani yake na zitapinda palepale.

Ninashauri kwa dhati: kabla ya kumfunga nzi mzima, funga mabawa peke yake kwenye ndoano moja, yakate, funga tena, mpaka mkono uzoee mvutano wa ule uzi. Jozi moja ya manyoya ya bata hutoa tepe nyingi, kwa hiyo hasara ni ndogo, na kazi hii ikikaa mkononi haitoki.

Kusimamisha na kutenganisha

Mikia ya tepe iliyobaki nyuma ikate kwa mshazari, ili iteremke polepole kuelekea pindo la ndoano. Mteremko huo ndio utakaoupa mwili umbo lake baadaye. Ukiikata wima, kutabaki kidaraja ambacho sufu haiwezi kukificha.

Shika mabawa yote mawili, yavute nyuma hadi yasimame, na zungusha uzi mara tano au sita mbele yake, karibu kabisa na mizizi. Mizunguko hiyo ijengeke kama ukuta mdogo. Achia: mabawa yainame mbele kidogo tu au yasimame wima. Sasa pitisha uzi katikati yake kwa mshazari, kutoka mbele upande wako kwenda nyuma upande wa mbali, kisha kutoka nyuma upande wako kwenda mbele upande wa mbali, ili ufanye msalaba. Mara mbili inatosha. Tepe za bata zimeshapinda kwenda nje zenyewe, hazihitaji kulazimishwa. Usizungushe uzi kwa nguvu kwenye mguu wa kila bawa. Njia hiyo ni ya manyoya ya aina nyingine nitakayotaja chini, na kwenye tepe huharibu zaidi ya kusaidia.

Tia tone dogo la vanishi kwenye mizizi kwa ncha ya sindano. Angalia kwa mbele, kisha kwa juu. Hii ni nafasi yako ya mwisho ya kukataa mabawa mabaya kabla hujatumia manyoya ya jogoo juu yake.

Mkia na mwili

Peleka uzi nyuma hadi pale shina linapoanza kupinda. Funga nyuzinyuzi nane hivi za jogoo, ncha zikiwa sawa, urefu wa shina. Mabaki yake yafike kwenye mikia ya mabawa ili pasiwe na bonde katikati, kisha yafunge yote. Mzunguko wa mwisho wa uzi usiingie kwenye pindo, la sivyo mkia utaelekea chini na nzi atakalia nyuma.

Sufu iwe kidogo kuliko unavyodhani. Nyofoa kipande hafifu, kizungushe kwenye uzi kwa vidole, upande mmoja tu, mpaka kiwe uzi wenye manyoya membamba. Zungusha kutoka mkiani kuja mbele, ukinenepa polepole, na usimame milimita moja au mbili nyuma ya mabawa. Nafasi hiyo ni ya ukosi.

Kuna mwili mwingine mzuri zaidi kwa macho yangu: unyuzi mmoja wa unyoya wa tausi kutoka sehemu ya jicho. Usugue kwa kifutio cha penseli mpaka vinyweleo vyote vitoke, na utabaki na utepe wenye mstari mweusi na mweupe. Ukizungushwa unaonyesha pingili kama za tumbo la mdudu. Ulainishe kwanza majini usivunjike, na ukimaliza upake vanishi, maana bila hiyo jino la samaki wa kwanza linaweza kuukata.

Ukosi

Pinda unyoya wa jogoo ili nyuzinyuzi zisimame, na upime dhidi ya mdomo wa ndoano. Ukishapata unaofaa, ondoa utando laini wa chini. Funga uti nyuma ya mabawa, uso unaong'aa ukielekea mbele, na uache milimita moja ya uti mtupu kabla ya nyuzinyuzi kuanza, ili mzunguko wa kwanza usisukume nyuzinyuzi ovyo. Peleka uzi mbele, nyuma kidogo ya tundu.

Bana ncha ya unyoya kwa koleo, zungusha mara tatu nyuma ya mabawa na mara tatu mbele yake. Kila mzunguko ukae ubavuni mwa uliotangulia. Unapovuka mabawa, yashike wima kwa mkono wa pili. Hapa ndipo mabawa mazuri huangushwa na unyoya unaovutwa kwa haraka. Unyoya ukiwa mfupi, tumia mawili yaliyofungwa pamoja, na huo wa pili uupitishe kwa kuutikisatikisa ili usilaze nyuzinyuzi za wa kwanza.

Funga ncha kwa mizunguko mitatu ya uzi na uikate. Kichwa kiwe kidogo. Zungusha fundo la mwisho mara nne au tano, uzi ukipita chini ya mizunguko yake wenyewe, kaza, kata, tia tone la vanishi. Pitisha sindano kwenye tundu kabla vanishi haijakauka: tundu lililozibwa hugunduliwa mtoni, wakati samaki wanainuka na mikono ina haraka.

Mabawa mengine mawili ya kujua

Ukichoka na tepe, kuna ncha za manyoya ya jogoo. Chukua manyoya mawili madogo yanayolingana, ondoa nyuzinyuzi za chini ubaki na ncha zenye urefu wa shina, yaweke yakipeana mgongo, na yafunge kwa namna ileile. Ni rahisi zaidi kwa sababu uti wenyewe unasimama na haupasuki. Nzi aitwaye Adams, aliyefungwa mara ya kwanza na Leonard Halladay wa Michigan mwaka 1922, ana mabawa ya namna hii kutoka jogoo wa madoadoa meusi na meupe, na mwili wa kijivu. Haigi mdudu mmoja maalumu, na pengine hilo ndilo linalomfanya afae kwenye mito mingi.

Aina ya pili ni manyoya ya ubavu wa bata. Kundi moja la nyuzinyuzi hufungwa juu ya shina, husimamishwa, kisha hugawanywa mara mbili kwa msalaba wa uzi. Hapa ndipo unapozungusha uzi mara mbili tatu kwenye mguu wa kila bawa ili nyuzinyuzi zikae pamoja. Mabawa haya yanahusishwa na Theodore Gordon, aliyevua kwenye vijito vya milima ya Catskill huko Marekani. Gordon aliandikiana barua na Mwingereza Frederic Halford, akapokea kutoka kwake sampuli za nzi waliofungwa kwa ajili ya mito ya chokaa iendayo taratibu kusini mwa Uingereza. Maji ya Catskill yana kasi, kwa hiyo Gordon alifunga wa kwake kwa wadudu na mikondo ya huko. Bawa la nyuzinyuzi za ubavu huvumilia maji ya namna hiyo kuliko tepe, na mwanga hulipenya. Kwa mto wa kasi ningelichagua hilo bila kusita. Kwa maji tulivu bado nazipenda tepe kwa sababu ya ule ukingo wake ulio wazi.

Kumjaribu

Mdondoshe nzi mezani kutoka kimo cha shubiri moja, mara kadhaa. Asimame kwa ukosi na mkia. Kisha mdondoshe kwenye bakuli la maji na umtazame kutoka ubavuni.

Jaribio la mwisho ndilo linalohusu mabawa: mfunge kwenye mshipi mwembamba, shika sentimita 30 hivi kutoka kwake, na umvute hewani kwa kasi mbele na nyuma. Akizunguka, mtazame kwa mbele. Mara nyingi utakuta bawa moja limeelekea pembeni, na unaweza kulirudisha kwa vidole na tone la vanishi kwenye mzizi. Likiwa pana kuliko jenzake, hakuna marekebisho. Wembe ukate kila kitu, ndoano ianze upya.

Mtoni, mafuta ya kuelea yapakwe kidogo kwenye ukosi, mkia na mwili. Mabawa ya tepe yakilowa mafuta hushikana na kulala, kwa hiyo vidole visiyafikie. Samaki akishamtafuna, mabawa yatapasuka kuwa nyuzinyuzi. Mkaushe nzi kwa kitambaa, yapapase kutoka chini kwenda juu, na uendelee kumtumia, maana trauti humpokea hivyohivyo. Nyumbani mhifadhi kwenye kisanduku chenye vyumba virefu kuliko mabawa yake. Ukosi ukibonyea, mshike kwa koleo juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, na nyuzinyuzi zitasimama tena.